Bi. Peres Ogutu, Korongo wa Githima na Uwanja wa Machimboni

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2007, Bi. Peres Akoth Ogutu atafunga mlango wa chumba chake kwenye ghorofa ya tatu na kurudisha ufunguo, baada ya kuitumikia Idara ya Maeneo ya Wazi kwa miaka thelathini. Aliingia akiwa afisa msaidizi wa mipango na anatoka akiwa afisa mkuu wa mipango. Katikati ya vyeo hivyo viwili kuna viwanja, bustani za watoto, ugomvi, matope na vicheko vingi. Mhariri wa jarida letu aliniomba niyaandike yote kwa ukurasa mmoja. Nilimwambia anitafutie karatasi zaidi.

Wengi wenu mlimkuta hapa. Hata mimi nilimkuta. Nilipoajiriwa kuwa mchoraji wa ramani mwaka 1981, ndiye aliyenionyesha msumari wa kutundika koti na kiti cha kuepuka, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Enzi hizo chumba cha ramani kilinuka amonia ya mashine ya kunakilia hadi macho yakatiririka machozi, na mvua ilipopiga upande wa barabara tulisogeza meza zote ukutani kama watu wanaojiandaa kucheza dansi. Hakukuwa na kompyuta hata moja. Kulikuwa na kalamu za rangi, na kalamu ya kijani kibichi ndiyo iliyokwisha upesi kuliko zote, maana Bi. Peres hakuweza kuona nafasi nyeupe kwenye ramani ya Nairobi bila kutamani kuipaka.

Alizaliwa Gem, lakini Nairobi ndiyo iliyomlea. Baba yake alikuwa karani wa reli, wakaishi Woodley, na huko ndiko alikojifunza netiboli kwenye kipande cha ardhi kati ya nyumba, mpaka siku moja akarudi kutoka shuleni akakuta kipande kile kimezungushwa mabati. Alituambia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alishangaa upya. Nadhani kazi yake yote ilianzia kwenye yale mabati.

Kwa sababu hiyo alikuwa na imani moja, naye hakuificha. Aliamini kwamba njia ya pekee ya kulinda ardhi ya wazi mjini ni kuijaza watu. Mahali ambapo watoto wanacheza kila jioni, mwenye tamaa hathubutu kuja na mafundi wake. Mahali patupu hulala pakiwa wazi na kuamka pakiwa na lango. Tulipita naye sehemu nyingi za magharibi ya jiji, Kawangware, Dagoretti, Kangemi, na kila mahali swali lake lilikuwa lile lile: ni nani anacheza hapa? Kama jibu lilikuwa hakuna, alirudi ofisini akiwa na haraka.

Alikuwa na desturi ya kujaribu kila bembea mwenyewe kabla ya bustani kufunguliwa. Mwaka 1988, mbele ya wageni waalikwa, mnyororo ulikatika akaketi matopeni akiwa amevaa suti mpya ya rangi ya krimu. Mkandarasi alitaka ardhi immeze. Bi. Peres aliinuka, akajipangusa kidogo, akamwambia, "Afadhali mimi kuliko mtoto. Sasa leta mnyororo wa kweli." Bustani ilifunguliwa wiki iliyofuata. Nilisikia kwamba suti ile haikutakata tena.

Ningeweza kuendelea na hadithi za namna hiyo mpaka wasomaji walale. Lakini nikiulizwa Bi. Peres ni nani, mimi huwapeleka watu Githima.

Kwa asiyepajua, Githima ni bonde dogo upande wa chini wa Riruta, nyuma ya ploti za kupangisha, umbali wa kutembea kutoka Barabara ya Naivasha. Chini kabisa kuna chemchemi na kinamasi cha matete. Kando yake kuna mteremko wa nyasi, na juu ya mteremko, upande wa pili wa njia, kuna shimo kubwa ambamo zamani jiji lilichimba mawe ya kujengea barabara. Miaka ile shimo lilikuwa jalala. Kwenye mteremko ndipo wasichana wa Riruta walipochezea netiboli, na kila mpira uliowaponyoka ulibingirika mpaka kwenye matete, na mmoja wao akavua viatu kwenda kuufuata.

Kocha wao alikuwa Cate Nyawira. Cate ana saluni Kenyatta Market, na yeye na Bi. Peres walikuwa marafiki tangu walipocheza pamoja katika timu ya wafanyakazi wa jiji. Kila mwisho wa mwezi Bi. Peres alikwenda kusukwa kwa Cate, nasi tuliobaki tulikwenda kumngojea mbele ya sinia la nyama choma hapo karibu, kwa kisingizio cha kumsindikiza. Alichukua muda mrefu. Hatukulalamika.

Katika mojawapo ya siku hizo, mwaka 2002, Cate alimshika kichwa katikati ya kumsuka na kumwambia hatamwachilia mpaka aahidi kiwanja. Bi. Peres aliahidi, kisha akatimiza ahadi kama kawaida yake. Nilichora mpango ule kwa mkono wangu: nusu ya kinamasi ijazwe udongo na changarawe, juu yake viwe viwanja viwili vya netiboli, uwanja wa kandanda na vyumba vya kubadilishia nguo. Kwenye sehemu ya kinamasi aliniamuru niandike maneno mawili, "ardhi haitumiki". Mpango ulipita ngazi zote. Wasichana wa Riruta walipopata habari walikuja mpaka hapa ofisini wakiimba ngazini, na askari wa lango hakujua awazuie au acheze nao.

Mtu mmoja tu hakuimba. Bw. Bharat Raval, mfamasia mstaafu wa Westlands, alikuwa akija Githima kila Jumapili kutazama ndege. Alikuja ofisini mwaka 2003, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, akasimama mbele ya meza ya Bi. Peres.

"Madam, pale chini kuna korongo. Wale wenye taji kichwani. Wawili. Wanazaa pale kila mwaka wakati wa mvua."

"Bwana Bharat," Bi. Peres alimjibu, "wewe nyumbani una bustani?"

"Ndiyo, iko."

"Hawa wasichana hawana. Wanatoka chumba kimoja, wanaingia kwenye mvua. Nikikuachia wewe hilo bonde utazame ndege, wao niwapeleke wapi?"

Mzee alifikiri. Hakukasirika. "Hiyo sijui," akasema. "Lakini mimi naomba kitu moja tu, Madam. Kuja uone kwanza."

Bi. Peres hakwenda. Alikuwa na kazi nyingi, na kwa kusema kweli sisi sote tulimwona Bw. Bharat kama mtu mwema mwenye nafasi nyingi ya kupoteza. Tulimpa chai akaondoka.

Tinga la kusukuma udongo lilipangwa kuanza kazi Jumatatu moja ya Aprili 2004. Ijumaa iliyotangulia, Bi. Peres nami tulishuka Githima kupigilia vigingi vya mipaka. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyokuwa na haraka. Tulipofika ukingo wa matete tulimkuta Bw. Bharat amesimama chini ya mwavuli, kana kwamba hakuwahi kuondoka tangu mwaka uliopita. Alimpa Bi. Peres darubini na kumwelekeza kwa kidole.

Nilimwona akitazama. Kwanza alitazama kama mtu anayemridhisha mwenyeji wake. Kisha mabega yake yakatulia. Pale katikati ya kinamasi, mahali hasa ambapo ramani yangu ilionyesha duara la katikati ya uwanja, korongo jike alikuwa amelalia kiota cha matete yaliyolazwa, mvua ikimdondokea mgongoni, taji lake la dhahabu limelowa na kulala upande. Dume alikuwa amesimama kando yake kwa mguu mmoja. Baada ya muda jike aliinuka akanyoosha miguu, na mayai yakaonekana. Dume akasogea, akayageuza polepole kwa mdomo, akayalalia yeye.

"Wanapokezana," Bi. Peres alisema.

"Kila siku," Bw. Bharat akajibu.

Bi. Peres alikaa pale mpaka viatu vyake vikajaa maji. Kisha akanigeukia, nami niliyekuwa nimefanya naye kazi miaka mingi sikuwahi kuuona uso ule.

"Kaloki, mimi nilikuambia uandike hapa hapatumiki."

"Ndiyo, Madam."

"Nilikuja mara ngapi kabla ya kukuambia hivyo? Niliangalia nini?" Hakungoja jibu. "Ng'oa hicho kigingi."

Wapo watu ambao wangesubiri Jumatatu, au wangemtuma mtu mwingine. Bi. Peres alinipeleka moja kwa moja mpaka Kenyatta Market tukiwa bado na matope magotini. Saluni ilikuwa imejaa, maana ilikuwa Ijumaa. Nilibaki mlangoni, lakini pale kila kitu husikika.

"Cate, Jumatatu tinga haliji."

"Imeharibika?"

"Hapana. Nimelisimamisha mimi. Kuna korongo wana mayai pale katikati."

Cate aliweka chanuo chini. "Ndege, Peres? Unaniambia ndege?"

"Wana mayai, Cate."

"Na mimi niko na wasichana. Wameshona sare. Wameniuliza Jumatatu tuende saa ngapi kuangalia tinga. Niwaambie nini? Niwaambie rafiki yangu ameona ndege?"

"Waambie uwanja watapata. Sijajua ni wapi, lakini watapata."

"Hiyo maneno ya ofisi nimesikia tangu nizaliwe," Cate alisema. Akaokota chanuo, akamgeukia mteja aliyekuwa kitini, akaendelea kusuka kana kwamba hakuna mtu aliyesimama mbele yake. Tulirudi bila kula.

Wiki mbili baadaye Bi. Peres aliingia ofisini nywele zake zikiwa zimenyolewa fupi kabisa. Mkurugenzi wetu wa wakati huo akamsifu kwamba amependeza. Sisi tuliojua tulielewa kwamba hana tena wa kumsuka.

Kulikuwa na gharama nyingine. Kazi ilipokwama, fungu la mwaka ule lilirudishwa, na nafasi ya naibu mkurugenzi, ambayo sote tulidhani ni yake, ikampata mtu mwingine. Bi. Peres alikuwa wa kwanza kwenda kumpongeza. Kisha ukaja mkutano wa wakazi katika ukumbi wa kanisa pale Riruta, mkutano ambao kama ningekuwa na ruhusa ningeuandikia kitabu. Watu walisimama hadi madirishani. Mama mmoja alisema afisa huyu anapenda ndege kuliko watoto. Kijana mmoja wa timu ya kandanda aliuliza, "Sasa Madam, hao ndege ndio watatuchezea ligi?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Bi. Peres naye akacheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Lakini alipoinuka kujibu hakufanya mzaha. "Mimi ndiye niliyewapangia uwanja ndani ya maji," alisema. "Hata bila ndege, mngekuwa mnacheza juu ya chemchemi. Mvua ya kwanza ingewanyang'anya. Kosa la kupanga ni langu, si la korongo. Nipeni muda nilirekebishe."

Bw. Bharat alidhani basi yeye ameshinda. Aliomba bonde lote lizungushwe ua, na watu wakatazwe. Bi. Peres alimkatalia palepale mbele ya wote.

"Ukiwafungia watu wa hapa nje, Bwana Bharat, watapita chini ya ua wakakate matete, na mimi nitawaelewa. Kama hawalioni hili bonde kuwa lao, hakuna ua utakaolilinda."

Kwa hiyo jioni ile alitoka ukumbini akiwa amewaudhi wote. Mimi nilimbebea mwavuli. Aliniambia njiani kwamba amechoka na kwamba ana njaa, na kwamba kwa mara ya kwanza katika kazi yake hajui la kufanya. Aliyasema yote matatu kwa sauti ile ile.

Mayai ya mwaka ule yalitoa vifaranga wawili. Mmoja alichukuliwa na mbwa wa mtaani kabla hajaweza kuruka. Mmoja alikua. Mwaka uliofuata, 2005, mvua ilikuja na korongo hawakuja. Hapo ndipo nilipomwona Bi. Peres akiwa mpweke kweli. Amepoteza uwanja, amepoteza rafiki, amekosa cheo, na ndege wenyewe hawapo. Mtu mmoja ofisini, ambaye ameomba nisimtaje na anayesoma jarida hili, alimuuliza kama korongo wameandika barua ya kuomba radhi. Alimjibu kwamba posta ya jiji siku hizi inachelewa.

Hakuacha kwenda. Kila Jumamosi alishuka Githima, safari hii bila vigingi. Alizungumza na akina mama waliochota maji kwenye chemchemi, na vijana wa kandanda, na wazee waliovuka bonde wakienda kanisani. Alijifunza kwamba watu hukatiza kinamasi kwa sababu njia ya juu ina takataka. Alijifunza kwamba mbwa huja kwa sababu ya jalala. Na siku moja, akiwa amesimama ukingoni mwa lile shimo la mawe akiziba pua, alinipigia kelele nimfuate kutoka njiani nilikokuwa.

"Kaloki, tazama hizo kuta. Upepo hauingii. Chini ni mwamba. Watazamaji watakaa huku juu kama wako balkoni. Hili ni shimo au ni uwanja?"

Nilimwambia ni jalala.

"Leo ni jalala," akasema.

Machimbo yalikuwa ardhi ya jiji tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuyataka. Takataka ziliondolewa, mbwa wakahama. Changarawe iliyokusudiwa kuua kinamasi ikaja kusawazisha shimo. Vijana wa kandanda walipewa mteremko waliouacha wasichana, uliokatwa ngazi na kunyooshwa upande wa juu, mbali na maji. Kuhusu kinamasi, Bi. Peres alipata suluhisho alilolipigania zaidi ya yote: njia ya kutembelea upande mmoja tu, iwe wazi kwa kila mtu sehemu kubwa ya mwaka, na ifungwe miezi ya mvua ya masika, wakati wa kiota. Kila mtu apate, na kila mtu apumzike kidogo. Nilichora mpango huo mara nyingi hata mke wangu akaanza kuuona ndotoni.

Kisha, Novemba 2005, kabla hatujamaliza, mvua za vuli zilijaza machimbo. Tulifika asubuhi tukakuta ziwa. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na takataka zilizobaki, na pampu tuliyoahidiwa haikuja. Bi. Peres alivua viatu, akakunja sketi, akaingia na karai. Sisi tukamfuata, maafisa na vibarua pamoja. Tulikuwa tumechota kwa muda, na maji hayaonekani kupungua, tuliposikia sauti za wasichana ukingoni. Timu nzima ya Riruta ilikuwa imekuja na ndoo na mabeseni. Mbele yao alikuwa Cate.

Alishuka mpaka akasimama mbele ya Bi. Peres. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu.

"Nimekuja kwa sababu ya uwanja," alisema. "Sijakuja kwa sababu yako."

"Sawa," Bi. Peres akasema. "Shika upande huu."

Walichota maji bega kwa bega. Saa za mchana mfereji ulizibuka kwa mlio mkubwa wa kunyonya, na maji yakaanza kuondoka yenyewe, na wasichana wakapiga vigelegele hata watu wakatoka kwenye ploti kutazama. Cate alijinyoosha mgongo. Alimtazama Bi. Peres kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama kichwani.

"Na nani alikukata nywele namna hii?"

"Mtu fulani wa mjini."

"Alikuwa na hasira na wewe?"

Bi. Peres alianza kucheka, na Cate akashindwa kujizuia, na wakashikana wakiwa wamelowa, wakicheka na kulia kwa pamoja kama watu waliosahau kwamba tunawatazama. Mimi nilijifanya nachunguza mfereji.

Korongo walirudi Machi 2006. Kama ni wale wale au ni wengine, hata Bw. Bharat hakutaka kuapa. Walijenga kiota mbali kidogo na pale pa zamani, na safari hii vifaranga wote waliruka. Uwanja wa Machimboni ulifunguliwa Juni mwaka huo huo kwa mechi kati ya Riruta na Kinoo. Wazazi walijaa juu ya kuta za mawe kama alivyosema. Bw. Bharat alikuja na familia yake na kikapu cha kachori, akawagawia wote. Bi. Peres alipuliza kipenga cha kwanza. Riruta walifungwa vibaya sana, jambo ambalo halimo kwenye taarifa rasmi ya idara, na naomba libaki hapa kwenye jarida letu.

Katikati ya kipindi cha pili korongo walilia kutoka bondeni, ile sauti yao ya kama tarumbeta iliyopasuka. Mchezaji mmoja wa Kinoo alisimama akauliza ni nini hicho. Msichana wa Riruta aliyekuwa akimlinda alimjibu bila kugeuka, "Hao ni wa kwetu," akampokonya mpira. Nilitazama upande wa Bi. Peres. Alikuwa amesikia.

Tangu wakati huo mpango wa Githima umetumika kama mfano katika mitaa mingine ya jiji. Maafisa vijana wa idara hii, akina Waithaka na wenzake, hawaruhusiwi kuandika neno lolote juu ya kipande cha ardhi kabla ya kukaa pale siku nzima, mvua ikiwepo. Wamelalamika sana. Mipango yao ni bora kuliko yetu ya zamani. Na Bi. Peres, aliyeamini ujana wake wote kwamba ardhi hulindwa kwa kujazwa watu, anatuachia imani pana zaidi: kwamba kazi yetu ni kuuliza nani tayari yupo pale, mwenye miguu miwili au mabawa, kisha kuwatafutia wote nafasi bila kumdanganya yeyote.

Nimebakiza jambo moja. Mwezi Machi mwaka huu, mvua zilipokaribia, yeye nami tulikwenda Githima kufunga njia ya kinamasi, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimebeba mnyororo na kufuli. Ilikuwa ndiyo safari yake ya mwisho ya kikazi kule, ingawa hatukuitaja hivyo. Tulipofika kwenye mlango wa njia tulikuta tayari imefungwa. Kamba ilikuwa imefungwa mti hadi mti, na juu yake kumening'inizwa kipande cha ubao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu na mkono wa mtoto: "Kuna mama amelalia. Pitia juu. Asante." Hakuna mtu wa ofisi yetu aliyekuwa amewaambia wakazi wafanye hivyo.

Bi. Peres alisimama mbele ya ule ubao. Alirekebisha fundo moja la kamba ambalo, kwa maoni yangu, halikuhitaji kurekebishwa. Kisha akaniambia, "Kaloki, rudisha mnyororo wako garini. Twende tukanywe chai. Hapa hatuna kazi tena."

Bi. Peres, idara yote inakushukuru: kwa viwanja, kwa bembea ulizozijaribu, kwa siku ulizotusubirisha Kenyatta Market, na kwa kutufundisha kutazama. Nyumba yako ya Kinoo imekamilika, na wajukuu wanakungoja kule Gem wakati wa likizo. Pumzika vizuri, kula vizuri, na usituonee huruma. Siku zako zijazo ziwe na afya, vicheko na nafasi tele, na ukipita mjini, panda mpaka ghorofa ya tatu. Kiti kile chenye mguu uliolegea bado kipo, na hatutakukalisha hapo.

Lazarus Kaloki
Mchoraji wa ramani, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Idara ya Maeneo ya Wazi